Viti hamsini vya Ishiba: kisa cha Baraza la Juu la Japani, Julai 2025

Swali lililetwa na mfanyabiashara mmoja wa magari yaliyotumika, mwenye bondi yake, yaani yadi ya magari, Nakawa hapa Kampala, siku chache kabla ya uchaguzi wa Japani wa tarehe 20 Julai 2025. Yeye hununua kwa yen na kuuza kwa shilingi, kwa hiyo serikali ya Tokyo ikiyumba, biashara yake nayo huyumba. Aliuliza hivi: muungano unaotawala, wa chama kikubwa LDP na mshirika wake mdogo Komeito, utabaki na wingi wa viti katika Baraza la Juu, au utaupoteza? Alitaka ndiyo au hapana.

Matokeo sasa yanajulikana. Muungano ulihitaji viti 50, ukapata 47. Wengi waliosimulia habari hiyo baadaye wamesema kwamba LDP ilianguka mikoani, katika majimbo ya kiti kimoja, na basi. Mimi nasema hiyo ni nusu ya habari. Mikoani LDP iliumia kwa kiasi ambacho kingeweza kuvumilika. Viti vitatu vilivyokosekana vinaonekana vizuri zaidi ukimtazama mshirika mdogo, Komeito, chama ambacho watabiri wengi hukipa namba ya kudumu kisha wakaendelea na mengine. Ukitaka kutabiri muungano, lazima umtabiri kila mshirika peke yake, na yule mdogo umkague kwa makini zaidi. Nitaonyesha kwa nini.

Mizani yenyewe

Kwetu Uganda Bunge ni moja. Wabunge wa majimbo, wanawake wa wilaya na wawakilishi wa makundi maalumu hupatikana katika msimu mmoja wa uchaguzi kila baada ya miaka mitano, na hesabu huanza upya. Baraza la Juu la Japani haliendi hivyo. Lina viti 248. Kila mjumbe hukaa miaka sita, baraza haliwezi kuvunjwa, na kila baada ya miaka mitatu nusu ya viti hupigiwa kura. Mwaka 2025 vilishindaniwa viti 124 pamoja na kimoja cha Tokyo kilichokuwa wazi, jumla 125. Wingi wa baraza zima nao ni viti 125. Namba hizo mbili zimefanana kwa bahati tu, na msomaji asipozitenganisha mapema atapotea njiani.

Kwa kuwa nusu nyingine ya baraza haikuguswa, LDP iliingia uchaguzini ikiwa na viti 62 mkononi na Komeito ikiwa na 13. Jumla ni 75. Toa 75 katika 125, zinabaki 50. Hiyo ndiyo namba ambayo Waziri Mkuu Ishiba Shigeru aliitangaza mwenyewe kuwa lengo lake, na wengi waliiona ni lengo la chini. Muungano ulikuwa unatetea viti 66. Maana yake ungeweza kupoteza 16 na bado ukabaki na wingi wake.

Hapa ndipo mtabiri mwenye haraka hujikwaa. Anaona kwamba kinachotakiwa ni asilimia 40 tu ya viti vinavyoshindaniwa. Anakumbuka kwamba mwaka 2019 muungano ulipata viti 71, na mwaka 2022, katika uchaguzi uliofanyika siku mbili baada ya waziri mkuu wa zamani, Abe Shinzo, kupigwa risasi na kufa, ulipata 76. Anahitimisha kwamba kushuka kutoka 76 hadi chini ya 50 hakuwezekani. Lakini chaguzi hizo mbili zilifanyika wakati upinzani umesambaratika na bei za vitu bado zinavumilika. Kipimo kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa cha Oktoba 2024, katika Baraza la Wawakilishi, yaani baraza la chini. Huko LDP na Komeito walipata viti 215 kati ya 465, wakakosa wingi wa 233. Chanzo kikubwa kilikuwa kashfa ya fedha za kisiasa ambazo makundi ya ndani ya LDP hayakuziandika vitabuni. Serikali ya Ishiba ilikuwa inaishi bila wingi katika baraza la chini tangu siku hiyo. Ndiyo maana Baraza la Juu lilikuwa na uzito mkubwa kiasi hicho: lilikuwa ndilo eneo la mwisho walilobaki nalo.

Mchele

Jambo hili Mganda analielewa bila kufafanuliwa. Kufikia Mei 2025 mfuko wa kilo tano za mchele katika maduka ya Japani ulikuwa unauzwa kwa zaidi ya yen 4,200, maradufu ya bei ya mwaka uliotangulia. Kwa fedha zetu hiyo ni zaidi ya shilingi laki moja kwa kilo tano. Katikati ya hali hiyo waziri wa kilimo, Eto Taku, alisema hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake humletea mwingi. Akajiuzulu. Nafasi yake ikachukuliwa na Koizumi Shinjiro, aliyefungua maghala ya akiba ya serikali na kuuza mchele wa zamani kwa takriban yen 2,000 kwa kilo tano. Foleni zikajaa madukani na serikali ikapata ahueni kidogo.

Ahueni hiyo haikudumu. Kampeni iligeuka kuwa ubishani kuhusu gharama za maisha. Muungano uliahidi kumpa kila mkazi yen 20,000, na nyongeza kwa watoto na wenye kipato kidogo. Vyama vya upinzani, kila kimoja kwa namna yake, vilitaka kodi ya matumizi ipunguzwe au iondolewe kwenye chakula. Kwa maoni yangu hapo upinzani ulikuwa na hoja iliyo rahisi kushikika. Pesa ya mara moja mtu huipokea na kuisahau. Kodi ya asilimia 8 kwenye chakula anaiona kwenye risiti kila siku.

Mafungu matatu

Namna nzuri ya kukadiria Baraza la Juu ni kuvigawa viti 125 katika mafungu matatu, kwa sababu kila fungu lina tabia yake.

Fungu la kwanza ni viti 50 vya uwiano. Nchi nzima ni jimbo moja, mpiga kura anaandika jina la chama au la mgombea, na viti vinagawanywa kulingana na kura. Mwaka 2022 LDP ilipata 18 hapo na Komeito 6. Katika uchaguzi mbaya wa Oktoba 2024 LDP ilipata asilimia 26.7 ya kura za uwiano na Komeito asilimia 10.9. Ukiweka uwiano huo kwenye viti 50, muungano unapata 19 hivi.

Fungu la pili ni majimbo 13 makubwa yenye viti zaidi ya kimoja, kuanzia mikoa ya viti viwili kama Hiroshima na Kyoto hadi Tokyo iliyokuwa na viti saba. Jumla ya viti ni 43. Humo LDP kwa kawaida inapata angalau kimoja karibu kila jimbo, na Komeito husimamisha wagombea wachache tu, ikikusanya nguvu zake mahali pamoja. Mwaka 2019 Komeito ilisimamisha wagombea saba na wote saba wakapita. Mtu angeweza kuweka LDP 13 na Komeito 7, jumla 20, bila kuonekana ana matumaini mno.

Fungu la tatu ni majimbo 32 ya kiti kimoja, mengi yakiwa mikoa ya mashambani. Hapo mshindi anachukua chote.

Sasa jumlisha. Ukiwa na 19 na 20, umefika 39. Unahitaji 11 tu kati ya 32. Hata LDP ikishindwa katika theluthi mbili ya majimbo hayo, karibu inatosha. Hesabu hii ilikuwa inawapa moyo watu wa LDP, nami naona haikuwa ya kipuuzi. Kasoro yake ni kwamba mafungu mawili ya kwanza yalichukuliwa kuwa akiba ya uhakika, na shughuli yote ya utabiri ikaelekezwa kwenye la tatu.

Majimbo 32 si sarafu 32

Kabla ya kufika kwa Komeito, fungu la tatu lina somo ambalo haliruhusu kupitwa haraka.

Tuseme kila jimbo kati ya yale 32 lina uwezekano wa asilimia 45 wa kwenda LDP, na tuseme kila moja linaamua kivyake, kama mtu anayerusha sarafu mara 32. Wastani ungekuwa 14, na mara nyingi matokeo yangeangukia kati ya 11 na 17. Kupata chini ya 8 au zaidi ya 20 kungekuwa jambo la nadra sana. Basi itazame historia. Mwaka 1989, kodi ya matumizi ya asilimia 3 ilipokuwa mpya, LDP ilishinda majimbo 3 kati ya 26. Mwaka 2007, chini ya Abe, ilishinda 6 kati ya 29. Mwaka 2010 ikashinda 21 kati ya 29. Mwaka 2013 ikachukua 29 kati ya 31. Mwaka 2016 ilipata 21 kati ya 32, mwaka 2019 ikapata 22, mwaka 2022 ikapata 28.

Hizo si namba za sarafu. Majimbo haya husukumwa na upepo mmoja. Kinachomkera mkulima wa Aomori kuhusu bei ya mbolea na mchele kinamkera pia mstaafu wa Ehime, na mgombea wa LDP mwenye jina zuri katika mkoa wake anaanguka pamoja na asiyejulikana. Kwa hiyo mtabiri akikosea katika jimbo moja, kuna uwezekano mkubwa amekosea upande uleule katika mengine ishirini. Makosa yake hayafutani, yanajumlishana.

Hapa Uganda tuliliona jambo hilohilo Januari 2021. Katika Buganda chama kichanga cha NUP kilizoa viti vingi kwa pamoja, na mawaziri kadhaa wakaanguka katika siku zilezile. Makamu wa Rais Edward Ssekandi alipoteza kiti cha Bukoto ya Kati kule Masaka, tena kwa mgombea wa DP, chama kingine cha upinzani, si wa NUP. Mtu aliyekuwa anakadiria jimbo moja moja, akitazama barabara gani mbunge amejenga na misiba mingapi amehudhuria, asingeliona wimbi lile. Lakini lilikuwa na mipaka pia: chama tawala, NRM, kilitoka uchaguzini na viti 336 vya Bunge la watu 529, kwa kuwa kaskazini na magharibi havikusukumwa kwa nguvu ileile. Katika majimbo ya kiti kimoja ya Japani mipaka ya namna hiyo ni hafifu zaidi.

Ndiyo sababu utabiri wa haki kwa fungu la tatu ungekuwa mpana, tuseme kati ya 8 na 20. Na utabiri mpana namna hiyo unalifanya kila jambo katika mafungu mengine mawili liwe na thamani. Kiti kimoja cha mjini kinaweza kuamua.

Dalili za Juni

Tarehe 22 Juni 2025, wiki nne kabla ya siku yenyewe, Tokyo ilichagua baraza lake la jiji. LDP ilipata idadi ndogo kabisa ya viti katika historia yake ya baraza hilo. Hiyo iliandikwa kila mahali. Habari iliyopewa nafasi ndogo ni kwamba Komeito ilisimamisha wagombea 22 na watatu kati yao wakaanguka. Kwa chama kingine hiyo si habari. Kwa Komeito ni kengele, kwa kuwa chama hicho hujulikana kwa kuhesabu kura zake nyumba kwa nyumba kabla ya kusimamisha mtu, na Tokyo ndiyo ngome yake.

Komeito ilianzishwa mwaka 1964 na jumuiya ya Kibudha ya Soka Gakkai, na imekuwa ndani ya muungano na LDP tangu 1999. Nguvu yake haikuwa idadi ya wafuasi tu bali nidhamu yao. Katika jimbo la kiti kimoja wanachama wake huwaambia majirani: kura ya jimbo mpe mgombea wa LDP, kura ya uwiano andika Komeito. Mwaka 2022 kura zake za uwiano zilikuwa milioni 6.18. Mwaka 2019 zilikuwa milioni 6.53. Mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya milioni 8. Wanachama wanazeeka, na kiongozi aliyewaunganisha kwa miongo mingi, Ikeda Daisaku, alifariki Novemba 2023. Ukizipanga namba hizo kwa mwaka huoni chama chenye akiba ya kudumu. Unaona mteremko.

Na kuna jambo la pili ambalo wanaosifia nidhamu ya Komeito hulisahau. Kura za nidhamu zina thamani kubwa watu wengi wakibaki nyumbani. Wakijitokeza wengi, idadi ileile ya wanachama inakuwa sehemu ndogo ya jumla. Julai 2025 kulikuwa na dalili za watu kujitokeza, na hasa kwa sababu ya vyama viwili vilivyowavuta vijana na watu wa makamo: DPFP ya Tamaki Yuichiro, yenye ujumbe wa kuongeza pesa inayobaki mfukoni mwa mfanyakazi, na Sanseito ya Kamiya Sohei, chama cha mrengo wa kulia kilichoanzishwa mwaka 2020 na kufanya kampeni kwa kaulimbiu ya Wajapani kwanza. Maneno ya Sanseito kuhusu wageni yalinihuzunisha, maana wapo ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaosoma na kufanya kazi kule. Lakini mtabiri hana ruhusa ya kupunguza namba za chama asichokipenda.

Sanseito ilisimamisha mgombea katika majimbo yote 45. Swali lililokuwa muhimu halikuwa itashinda wapi katika yale 32, kwa sababu kushinda huko kulikuwa kugumu kwake. Swali lilikuwa itachota kura za nani.

Jioni ya tarehe 19

Mtu aliyekaa na karatasi jioni ya Jumamosi angekuwa na haya mbele yake. Tafiti nyingi zilimpa Ishiba uungwaji mkono wa chini ya theluthi moja. Makadirio ya vyombo vikubwa vya habari vya Japani, yaliyoanza Julai yakizungukazunguka 50, yalikuwa yameteremka kadiri wiki zilivyopita. Tsuruho Yosuke, mwenyekiti wa kamati ya bajeti ya Baraza la Juu, alikuwa amesema katika mkutano wa kampeni huko Wakayama maneno yaliyosikika kama kwamba tetemeko la Noto la Januari 2024 lilikuwa bahati njema, na akaacha uenyekiti. Na kura ya mapema ilikuwa inavunja rekodi; ilifikia takriban milioni 26, robo ya wapiga kura wote.

Kuhusu kauli ya Tsuruho sikuipa uzito mkubwa wakati ule na bado siupi. Siku ya uchaguzi LDP ilishinda Ishikawa, mkoa uliopigwa na tetemeko lenyewe. Wapiga kura waliokwisha kuamua kwa sababu ya mchele na kodi hawahitaji kauli mpya.

Kwa ushahidi huo niliweka uwezekano wa muungano kubaki na wingi kuwa kama mmoja katika minne. Si sifuri, kwa sababu mafungu matatu yangeweza kwenda vizuri kwa pamoja kama yanavyoweza kwenda vibaya kwa pamoja, na kwa sababu 50 lilikuwa lengo lisilo mbali. Mzee wa bondi aliposikia "mmoja katika minne" aliona nimekwepa swali. Sidhani nilikwepa. Mtu anayeagiza kontena la magari kwa fedha za mkopo anahitaji kujua tofauti kati ya jambo lisilowezekana na jambo linalotokea mara moja katika nne, kwa kuwa la pili linatokea.

Saa nane mchana kwa saa za Kampala

Vituo vilifungwa Japani saa mbili usiku Jumapili, hapa ikiwa saa nane mchana. Papo hapo NHK, shirika la utangazaji la Japani, ikatoa makadirio yake kutokana na wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni: muungano utapata kati ya viti 32 na 51. Watu waliucheka upana huo. Mimi niliuheshimu. Shirika lenye wahojaji nchi nzima, lililozungumza na watu waliokwisha kupiga kura, bado liliacha pengo la viti 19, kwa sababu lilijua kwamba majimbo mengi yanakaribiana na kwamba yakielemea yataelemea upande mmoja.

Asubuhi hesabu ilikuwa imekamilika: LDP 39, Komeito 8, jumla 47. Ukiongeza 75, muungano ukawa na 122 katika baraza la watu 248. Kwa mara ya kwanza tangu LDP iundwe mwaka 1955, serikali inayoongozwa nayo haikuwa na wingi katika baraza lolote kati ya mawili. Waliojitokeza walikuwa asilimia 58.51, kutoka asilimia 52.05 mwaka 2022.

Katika yale majimbo 32, LDP ilishinda 14 na kupoteza 18. Katika mikoa sita ya Tohoku ilibaki na Fukushima peke yake. Kisiwani Shikoku haikupata hata kimoja. Wakayama, ngome ya miaka mingi, ilimpata mgombea huru. Sanseito haikushinda hata jimbo moja kati ya 32, lakini ilikuwa humo mote, ikigawana wapiga kura wa kihafidhina na LDP, na hilo liliwafaa wagombea wa upinzani ambao kwa kura zao wenyewe hawakuwa wameongezeka sana. Chama kikuu cha upinzani, CDP, kilitetea viti 22 na kikapata 22. Hakikupanda hata kiti kimoja katika uchaguzi ambao serikali ilianguka. Ushindi wa upinzani mikoani ulitokana zaidi na LDP kumegwa kutoka upande wake wa kulia.

Bado, kumbuka hesabu ya mwanzo: 11 kati ya 32 zilitosha. LDP ilipata 14. Ilizidi kwa viti vitatu, na bado muungano ukaanguka. Kwa hiyo majimbo ya mikoani peke yake hayaelezi.

Rudi kwenye mafungu mawili yaliyodhaniwa kuwa ya uhakika. Katika viti vya uwiano LDP ilipata 12 na Komeito 4, jumla 16 badala ya 19. Kura za LDP zilishuka kutoka milioni 18.26 mwaka 2022 hadi milioni 12.8, asilimia 21.6 tu, katika mwaka ambao wapiga kura wameongezeka. Komeito ilipata milioni 5.21. DPFP ilipanda hadi milioni 7.62, Sanseito hadi milioni 7.43, zote mbili zikiipita CDP kwa kiasi kidogo.

Katika majimbo makubwa LDP ilipata 13, kama ilivyokadiriwa. Iliikosa Osaka, ikampoteza Takemi Keizo, waziri wa zamani wa afya, Tokyo, lakini ikafidia kwa viti viwili Hokkaido. Komeito, iliyosimamisha wagombea saba, ilipitisha wanne: Tokyo, Osaka, Hyogo na Fukuoka. Ilianguka Saitama, Kanagawa na Aichi. Viti vitatu. Katika majimbo hayohayo matatu Sanseito iliingia kwa mara ya kwanza.

Upungufu wa muungano ulikuwa viti vitatu. Sidai kwamba Komeito ingeshinda Saitama, Kanagawa na Aichi hadithi ingeishia hapo na LDP ingesalimika. Hali iliyoiangusha Komeito huko ndiyo iliyoiangusha LDP Aomori. Ninachodai ni chembamba zaidi. Mtabiri mwenye haraka huipa LDP upana mkubwa, na Komeito huipa upana mdogo, kana kwamba chama cha wafuasi watiifu hakiwezi kushtua. Komeito ilitetea viti 14 ikabaki na 8. Ilipoteza viti sita kati ya kumi na vinne. LDP ilitetea 52 ikabaki na 39, yaani ilipoteza robo. Kwa kulinganisha, mshirika mdogo ndiye aliyeporomoka zaidi.

Baada ya hesabu

Uganda tumejifunza kwamba namba za siku ya matokeo na namba za ndani ya ukumbi ni vitu viwili. Wabunge huru wengi huchaguliwa dhidi ya mgombea wa NRM kisha wakapiga kura pamoja na NRM. DP, iliyomwangusha Makamu wa Rais mwaka 2021, ilitia saini ushirikiano na NRM mwaka 2022 na kiongozi wa DP, Norbert Mao, akawa waziri wa sheria. Kwa hiyo anayeuliza kama muungano utabaki na wingi lazima aseme ni muungano upi, na siku ipi.

Japani ilionyesha hilo ndani ya miezi mitatu. Ishiba alitangaza kujiuzulu tarehe 7 Septemba. LDP ikamchagua Takaichi Sanae kuwa rais wa chama tarehe 4 Oktoba. Tarehe 10 Oktoba Komeito ikaondoka, ikisema LDP haikutoa jibu la kuridhisha kuhusu fedha za kisiasa, na ushirikiano wa miaka 26 ukaisha. LDP ikageukia Nippon Ishin, chama chenye mizizi Osaka, na tarehe 21 Oktoba Takaichi akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa nchi hiyo. Katika Baraza la Juu alikosa wingi raundi ya kwanza, akashinda ya pili.

Rafiki yangu wa bondi sasa anauliza kuhusu uchaguzi ujao wa Baraza la Juu, wa mwaka 2028. Ni mapema, lakini sehemu ya hesabu tayari imeandikwa na haitabadilika kwa kuvunja baraza la chini. Viti walivyopata 2025 vitabaki hadi 2031: LDP 39, Ishin 7, jumla 46. Ili washirika hao wawili wafikie 125 watahitaji 79 kati ya viti 124 vitakavyoshindaniwa. Mwaka 2022, ulio miongoni mwa miaka mizuri kwa wote wawili, LDP ilipata 63 na Ishin 12. Jumla 75. Wakiurudia mwaka huo bila kupoteza hata kiti kimoja, wataishia 121, na safari hiyo LDP itasimama katika majimbo ya kiti kimoja bila majirani wa Komeito kumwombea mgombea wake kura.